Kiti cha Pweza

Sentensi ya kwanza niliyoandika kuhusu pweza ilikuwa hii: "Pweza ni ua linalochanua gizani, chini ya bahari ya samawati." Niliipenda. Niliinakili upya kwa mwandiko mzuri, nikaisoma kwa sauti chumbani mlango umefungwa, na mwisho wa wiki nikavuka nayo maji hadi Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, nikamsomee shangazi yangu. Shangazi anachokoa pweza tangu mie sijazaliwa.

Nilimkuta anapepeta mchele. Nikamwamkia, akaitikia, nikasoma. Alisikiliza bila kuinua uso kwenye ungo.

"Ua lipi?" akauliza.

"Ua tu, shangazi. La kuchanua."

"Asumini? Mbaazi? Hata mgomba una ua. Lipi?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea kupepeta.

"Na hilo giza umeliona wapi? Pweza mie namkamata saa nne asubuhi, jua linaniunguza kisogo. Wewe mwanangu umeandika pweza wa kwenye meza. Njoo na bamvua uje umwone mwenyewe."

Niseme kwa nini nilikuwa naandika habari za pweza. Nafundisha Kiswahili, na nilikuwa nimejitolea kutunga masimulizi mafupi ya viumbe wa baharini kwa watoto wa darasa la tano, maana vitabu walivyokuwa navyo vilikuwa na simba na tembo wengi kuliko changu na kolekole. Tamathali za semi nimezifundisha miaka mingi. Tashbihi ina "kama" au "mithili ya", sitiari haina, tashihisi humpa asiye mtu sifa za mtu. Watoto wanakariri, wanafaulu. Na mwenyewe nilikuwa naamini, bila kuwahi kulisema, kwamba tamathali ni nakshi ya mlango: unajenga nyumba kwanza, ukimaliza unamwita fundi aje kuchonga.

Bamvua ya mwezi mwandamo nikarudi. Huku kwetu maji ya bamvua yanapishana karibu mita 4 kati ya kujaa na kupwa, na yanapopwa, asubuhi ya saa nne hivi, mwamba wote unabaki umeanikwa. Wanawake walikuwa wameshatangulia, kanga zimefungwa kiunoni, kila mmoja na mchokoo wake na kikapu. Shangazi alinipa viatu vya plastiki vilivyonibana, akaniambia nikanyage alipokanyaga yeye.

Kwa saa nzima sikuona kitu. Hilo ndilo la kwanza nililojifunza na linaaibisha kidogo: mtu aliyeandika kurasa mbili juu ya pweza alipita juu ya mapango matatu ya pweza bila kujua. Shangazi alikuwa anasimama, ananyoosha mchokoo, ananionyesha magamba ya kaa na makombe yaliyotupwa mbele ya shimo. "Uchafu wa mlangoni huu. Mwenyewe yumo."

Wa kwanza alipotoka alitoka kwa kasi, akateleza kwenye dimbwi lenye maji ya kufika kifundoni, kisha akatoweka. Hakukimbia. Nilikuwa namtazama, na mahali nilipokuwa namtazama pakawa pana jiwe.

"Kageuka jiwe," akasema shangazi.

Hakusema "kama jiwe". Mwalimu wa tamathali nikalisikia hilo hata nikiwa nimeduwaa. Rangi ilikuwa ya jiwe, na ngozi iliyokuwa laini sasa ilikuwa na vinundu na mikunjo, na hata kivuli kilikaa kama cha jiwe. Ukisema "kama" unamwambia msomaji kuna vitu viwili na wewe unaviona vyote. Pale hapakuwa na viwili. Kwa sekunde tatu nne palikuwa na jiwe, mpaka shangazi alipoligusa.

Jioni ile nilifuta "ua". Lakini nilikuwa na tamathali nyingine kwenye ukurasa wa pili ambayo niliiona salama: pweza ni kinyonga wa baharini. Kila mtu anasema hivyo. Shangazi naye akalikataa, kwa sababu rahisi tu: "Kinyonga hana haraka."

Nikaenda kusoma, na nikakuta amesema kweli kuliko alivyojua. Ngozi ya pweza ina maelfu ya vifuko vya rangi, na kila kifuko kimezungukwa na misuli midogo inayopokea amri kutoka kwenye mishipa ya fahamu. Misuli ikivuta, kifuko kinatanuka na rangi inajitokeza. Ikilegea, rangi inajificha. Kazi hiyo inakwisha kwa kupepesa jicho. Kinyonga ana njia nyingine kabisa. Ngozini mwake mna fuwele ndogo mno zinazosogeana au kuachana, mwanga ukazipiga tofauti, na mabadiliko yanakwenda polepole kwa mwendo wake yeye mwenyewe. Tena kinyonga hubadilika zaidi akiwa na hasira au anataka mke, wala si kwa ajili ya kujificha tu. Hivyo kwa neno moja, "kinyonga", ningewaambia watoto uongo juu ya wanyama wawili kwa mpigo.

Na kuna ajabu ambayo tamathali ile ilikuwa inaifunika: pweza wengi waliochunguzwa wana aina moja tu ya seli ya kupokea mwanga jichoni, kwa hiyo yaelekea hawaoni rangi kama tunavyoziona sisi. Anavaa rangi asizoziona. Ningebaki na kinyonga wangu nisingeuliza.

Kitu kingine alichosema shangazi siku ile nilikipuuza, nikaja kukijutia. Alikuwa ameshampindua kichwa pweza kama mtu anavyogeuza foronya, amekwisha kazi, na bado mnyiri mmoja ulikuwa umemng'ang'ania mkononi, vikombe vyake vinaachia kimoja kimoja kwa sauti ya busu. "Kila mnyiri na akili yake," akasema, akiubandua. Nikaona ni mzaha. Miezi baadaye nikasoma kwamba pweza wa kawaida ana seli za fahamu zipatazo milioni 500, na karibu theluthi mbili ya hizo hazimo kichwani, zimo kwenye minyiri. Mnyiri unaweza kugusa, kuonja na kushika bila kusubiri amri ya kichwa. Shangazi hajasoma hayo popote. Ameyasoma mkononi mwake, miaka arobaini.

Basi nikaanza kuyatazama upya hata majina. Majina ya viumbe wa pwani kwetu mengi ni tamathali zilizozoeleka mpaka zikasahaulika kuwa ni tamathali, na kila moja linakuambia aliyelitoa alikuwa amesimama wapi. Kiwavi wa baharini, yule laini anayeelea kama mfuko wa nailoni, kaitwa na mtu aliyewashwa: hakumpa jina la umbo, alimpa jina la maumivu, lile lile la mdudu wa shambani mwenye manyoya ya kuwasha. Jongoo wa bahari kaitwa na mtu aliyekuwa anatembea akitazama chini. Waingereza kiumbe huyo huyo wanamwita tango, na mie siwezi kujizuia kufikiri kwamba aliyemwita tango alikuwa na njaa. Wenzetu wa pwani ya Kenya wana papa shilingi, yule mkubwa mno asiye na madhara, mwenye madoa mgongoni kama sarafu zilizomwagwa. Huyo kapewa jina na watu wa biashara.

Halafu kuna kiumbe mwenye mikono mitano anayelala mchangani. Siku hizi kwenye maandishi mengi utakuta "samaki nyota", neno lililopigiwa chapa kutoka Kiingereza, na si samaki. Shangazi anamwita kiti cha pweza, na ndilo jina la zamani, limo hata kwenye kamusi. Nikamuuliza: umewahi kumwona pweza amekikalia?

"Sijamwona. Lakini ukikuta viti, ujue umefika mtaani kwake."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Kwake lile jina lilikuwa linamwonyesha njia.

Kulikuwa na mkunga pia, yule samaki mrefu mwenye meno anayekaa kwenye mashimo ya mwamba na ambaye ndiye adui mkubwa wa pweza. Nilitaka kuandika kitu cha kuchekesha kuhusu mkunga wa hospitali na mkunga wa baharini, nikashindwa. Shangazi akamaliza kwa pumzi moja: "Wa hospitali anangoja kichwa kitoke. Huyu wa baharini yeye ndiye kichwa kilichotoka." Wanawake wenzake walicheka mpaka mmoja akaangusha kikapu. Ile niliiweka vile vile.

Kosa langu baya kuliko yote lilihusu wale viumbe weusi wa baharini wenye miiba mirefu wanaokaa kwenye mianya ya mwamba. Niliandika kwamba ni kama mashokishoki yaliyomwagika chini ya maji. Niliona nimepata: picha ya kwetu, tunda la kwetu, hakuna mtoto Unguja wala Pemba asiyelijua. Nikamsomea binamu yangu mwenye mtoto wa miaka sita. Akaniuliza kama nina akili. Shokishoki mtoto anaokota, anamenya, anatia mdomoni. Miiba ya shokishoki ni laini. Ile ya baharini inaingia mguuni, inakatikia ndani, na usiku mzima mtoto halali. Umbo lilifanana kweli, lakini mtoto hasomi umbo peke yake. Anasoma na anachotakiwa kufanya. Nikaandika "sindano". Haina uzuri wowote, na nimeiacha.

Mjomba wangu, mvuvi wa usiku, yeye alinipa zawadi bila kujua. Tuna msemo, mtu ana usingizi wa pono. Mie nilidhani ni msemo tu, kama vile watu wanavyosema mjanja kama sungura na hakuna aliyemsaili sungura. Mjomba akasema usiku, ukiwa na taa, pono unamwokota. Amelala kweli, kando ya jiwe, "na wengine wamejitia chandarua". Chandarua gani? Akaeleza utando mwembamba kama ute, unaomzunguka mwili mzima, na ukimgusa unahisi utelezi kabla ya kuhisi samaki.

Ni kweli. Aina kadhaa za pono hutoa ute mdomoni wakati wa kulala na kujifunika gubigubi. Na watafiti waliojaribu kuwaondolea pono ule utando wamekuta kwamba wasio nao hushambuliwa zaidi na vidudu vya baharini vinyonyavyo damu. Yaani ni chandarua hasa, kwa kazi ile ile. Mjomba alikuwa ametafuta neno la kufananisha umbo, akaangukia neno la kazi. Sijui ningekaa mezani miaka mingapi kabla ya kulipata.

Sitaki nionekane nasema wazee wa pwani hawakosei. Wanakosea, na mie niko pale kwa ajili hiyo pia. Tulikwenda Misali na wanafunzi. Kisiwa kile kiko magharibi ya Pemba na kimehifadhiwa tangu 1998, lakini watu walikuwa wanakiheshimu muda mrefu kabla ya hapo kwa sababu ya hadithi moja. Inasemwa kwamba mcha Mungu aitwaye Hadhara aliwafikia wavuvi pale akaomba msala wa kusalia. Hawakuwa nao. Akasema basi kisiwa chenyewe, kwa kuwa kimeelekea kibla, ndicho kitakuwa msala wake. Ikawa Misali. Hiyo ni sitiari moja tu, ya neno moja, lakini fikiri inavyomfanya mtu ajiweke: juu ya msala huingii na viatu, humwagi taka, hugombani. Baadaye waliokuja kufundisha uhifadhi kwa njia ya Qur'ani walikuta neno lenyewe limeshawatangulia.

Ng'amba na kasa hutaga kwenye fukwe za Misali, na mzee mmoja tuliyekuwa naye aliwaambia watoto kwamba kasa akitaga hulia, machozi yanamtiririka, kwa sababu anajua hatawaona wanawe. Watoto wakanyamaza. Msichana mmoja alifuta macho. Na mie nilikuwa najua kwamba kasa ana tezi kando ya macho zinazotoa chumvi iliyozidi mwilini, kwamba anayatoa machozi hayo hata akiwa baharini, ila huko hayaonekani kwa kuwa yanachanganyika na maji.

Nilikaa kimya pale ufukweni. Humkatizi mzee mbele ya watoto. Lakini nilipokuja kuandika nilipata taabu siku tatu. Nikisema "analia" nampa kasa huzuni isiyo yake. Nikisema "tezi za chumvi" nampoteza yule msichana. Mwisho niliandika kwamba kasa hunywa bahari maisha yake yote, na bahari hiyo humtoka kwa jicho. Siwezi kuapa kama ni nzuri. Naweza kuapa kwamba mtaalamu wa kasa hatanifuta, na yule mzee pia atalitambua lile chozi.

Kwa pomboo sikuwa na huruma hiyo, wala sikuhitaji. Miaka mingi nyuma, kijana mwenye shida ya pesa, nilimwandikia mtu karatasi ya kuitangaza safari ya Kizimkazi, kusini mwa Unguja, wageni wanakopelekwa kuogelea na pomboo. Niliandika kwamba pomboo "wanakungoja kwa tabasamu". Alilipa, na wala hakuchelewa. Ila mdomo wa pomboo umeumbwa hivyo. Ameshiba, ana njaa, anafukuzwa na boti sita, mdomo ni ule ule. Nililijua hilo tangu Aprili 2006, pomboo wapatao 400 walipokutwa wamekufa kwenye fukwe za kaskazini mwa Unguja. Niliziona picha zao, safu kwa safu mchangani. Wote walikuwa wanatabasamu. Nilijua, na nikaandika vile vile, kwa kuwa tashihisi ile ilikuwa inauza.

Pweza wangu sikummaliza mpaka mwaka uliofuata. Kisiwa Panza ni miongoni mwa sehemu za Pemba ambako wanakijiji wamekubaliana kufunga kipande cha mwamba kwa miezi kadhaa, hakuna kuchokoa, ili pweza wakue. Pweza anakua haraka mno na umri wake hauzidi sana mwaka mmoja, kwa hiyo miezi mitatu kwake ni sehemu kubwa ya maisha. Mwamba ulipofunguliwa nilikuwepo, nikiwa na viatu vyangu mwenyewe safari hii na miwani ya kuzamia ya mjomba.

Shangazi alikuta pango lililozibwa kwa vijiwe. Akaingiza ncha ya mchokoo taratibu. Pweza wengine huushika mchokoo, huuvuta, hapo ndipo wanapokamatika. Huyu aliusukuma kidogo, basi, kama mtu anayesukuma mlango usigonge ukuta. Shangazi akautoa mchokoo.

"Huyu ana mayai. Mwache. Zamani tulikuwa tunawachukua hata hawa," akaongeza, si kwa majuto wala kwa kujisifu.

Nikavaa miwani, nikalala kifudifudi kwenye dimbwi, nikachungulia. Niliona jicho kwanza. Kisha minyiri iliyokunjwa kuelekea juu, na nyuma yake, kwenye dari ya pango, nyuzi nyeupe zinaning'inia, nyingi mno, kila uzi umejaa punje ndogo. Alikuwa anazipulizia maji, nyuzi zinayumba, zinatulia, zinayumba. Nilijua yaliyobaki: hatatoka kutafuta chakula, atakaa nayo mpaka yaanguliwe, na yakishaanguliwa atakufa.

Nikainuka, maji yananitiririka usoni, nikasema kabla ya kufikiri: "Koja la asumini."

Shangazi akanivua miwani, akapiga magoti, akatazama muda mrefu kuliko mie.

"Mpunga," akasema. "Mpunga ulioinama."

Mara hii nilibishana. Asumini ni nyeupe, shangazi, tena imetungwa uzini, kama haya yalivyotungwa. Mpunga ukiinama unakuwa wa manjano.

"Asumini unavaa wewe ukaenda harusini," akanijibu. "Mpunga una mtu anayeulinda. Hali, halali, anaamia ndege."

Nikachukua daftari kwenye kikapu, mikono imelowa, nikaandika mpunga. Wino ukasambaa kidogo. Maji yalikuwa yameanza kujaa. Shangazi akarudisha kijiwe kimoja mlangoni kwa ncha ya mchokoo, tukaondoka.